Vishikwambi vya Baba Funguo

Kabla hajasimama mbele ya darasa hata mara moja, binti wa fundi redio alikuwa ameshaandika kurasa nne kuhusu teknolojia darasani, na kurasa hizo zilimpa sifa chuo kizima cha ualimu. Swali lilikuwa moja kwa wote: toa maoni yako juu ya matumizi ya teknolojia katika kufundisha. Wenzake waliandika yale yale ya kila mwaka, kwamba dunia imekuwa kijiji na mwalimu lazima aende na wakati. Yeye aliandika kuhusu benchi la baba yake. Aliandika kwamba alijifunza kuhesabu kwa skrubu, kwamba akiwa na miaka tisa alifungua redio mbovu akaifunga ikaimba, na kwamba mtoto hajifunzi chombo kwa kukitazama. Anakigusa, anakiharibu kidogo, anakitengeneza tena. "Chombo ambacho mtoto anakatazwa kukigusa kiondolewe darasani," alimalizia, "maana kinamfundisha woga tu." Mkufunzi wake aliipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: Safi sana. Wenzake wakambandika jina la Fundi, nalo likamganda.

Leo ukimtajia kurasa hizo anageuza uso, kama mwanamke aliyetajiwa mume aliyemkimbia. Nitaeleza ilivyokuwa, na chumvi sitatia. Yenyewe inayo ya kutosha.

Yalikuwa yamebaki mazoezi ya kufundisha tu, na kwa Fundi yalikuwa ya kufa na kupona. Mwaka uliotangulia aliyaacha katikati akarudi nyumbani kumuuguza mama yake. Mama alilala wiki sita, akafariki. Fundi aliporudi chuoni alikuta faili lake limeandikwa "hakukamilisha", na mtu wa ofisini akamweleza kwa upole kwamba kila mwanachuo anapewa nafasi mbili, na yeye moja ameshaitumia. Kumuuguza mama haikuwa sababu inayotambulika. Sheria za chuo hazikuzaliwa na mtu. Akishindwa safari hii, miaka mitatu imekwenda na maji. Angerudi kwenye benchi la baba yake, na benchi lenyewe lilikuwa linamshinda mzee, kwa sababu mikono ilikuwa imeanza kutetemeka.

Alipangiwa shule ya msingi karibu na kwao, majengo matatu marefu na kiwanja cha vumbi katikati. Ofisi ya walimu ilikuwa na meza moja ndefu iliyokatika mguu, ikaegemezwa kwenye matofali. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye rundo la funguo kiunoni. Walimu walikuwa wakizisikia funguo kabla hawajamwona mwenyewe, na waliokuwa wakipiga soga walipata muda wa kutosha kushika madaftari. Walimwita Baba Funguo. Alijua, na jina lilimpendeza.

Wiki ya kwanza tu Fundi alisikia habari za vishikwambi, zile kompyuta ndogo bapa za kushika mkononi. Vililetwa miaka miwili nyuma kwa hotuba na picha, vikafungiwa stoo siku ile ile. Akaenda kubisha hodi kwa mkuu.

"Shikamoo, Mkuu. Nimesikia tuna vishikwambi."

"Marahaba, binti yangu. Tunavyo. Arobaini, vyote vizima."

"Naomba kuvitumia na darasa la tano."

Baba Funguo alicheka mpaka funguo zikalia. "Wale? Wale wanavunja madawati ya mbao ngumu, hicho kioo watakifanyaje? Vikiharibika, nani atajibu?"

"Sasa, Mkuu, vililetwa vya nini?"

"Vililetwa," alisema Baba Funguo, akamtazama kama mtu aliyekwisha kujibu.

Basi Fundi akafundisha kwa chaki. Na alifundisha vizuri, hilo hata waliomwonea wivu hawakulikana. Darasa la tano lilikuwa na watoto sabini na kitu, na dirishani, dawati la nyuma kabisa, alikaa msichana mwembamba aliyeitwa Kwanini na shule nzima kwa sababu hakuna alichoambiwa akakikubali hivi hivi. Walimu wengine walikuwa wamechoka naye, mmoja akafikia kumkataza kunyoosha mkono zaidi ya mara mbili kwa siku. Fundi alimpenda kuliko alivyotakiwa kumpenda mtoto mmoja. Walipoanza somo la moyo na damu, Kwanini aliuliza moyo unajuaje kupiga wakati mwenyewe amelala. Fundi akasema hajui, nipe mpaka kesho. Kesho yake akaja na jibu. Darasa likapiga makofi, na Kwanini akakaa akitabasamu, mkono kifuani, akihesabu mapigo yake mwenyewe.

Wiki ya tano ikaja barua ya chuo. Mkufunzi yule yule wa kalamu nyekundu atafika Jumatano kumkagua Fundi, akifuatana na afisa wa ofisi ya elimu, na somo lazima lifundishwe kwa zana za kisasa. Mara hii ni Baba Funguo aliyemfuata Fundi.

"Binti yangu, bahati yako. Vishikwambi vinatoka."

Jumatatu baada ya masomo waliingia stoo watatu: Baba Funguo, Fundi, na mtunza stoo, mzee mkimya wa koti la kijivu ambaye alikaribia kustaafu na hakuwahi kupoteza hata ufagio. Maboksi yalipangwa juu ya mbao yasipate unyevu. Hayakuwa na vumbi. Katikati yake mzee alikuwa ametia vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, na harufu yake ilikuwa inawasha macho.

"Kila Ijumaa nayafuta," alisema mtunza stoo. "Havijaguswa na mkono wa mtu tangu viingie."

Fundi alifungua boksi la kwanza, akachomeka chaji, akabonyeza. Kimya. Akachukua cha pili. Cha tatu kilikuwa kimevimba, kioo kimeinuka kutoka kwenye fremu yake. Alipofika cha kumi na mbili alijua, lakini aliendelea mpaka cha arobaini, kwa sababu mzee wa koti la kijivu alikuwa anampokeza kimoja kimoja kwa mikono miwili na hakuwa na roho ya kumwambia aache.

"Vimekufa, Mkuu. Betri."

"Vimekufaje wakati havijatumika?"

"Vimekufa kwa sababu havijatumika. Betri ya namna hii ukiiacha miaka miwili bila chaji, inakufa. Ingetosha kuvichaji mara moja kwa mwezi."

Mtunza stoo alikaa juu ya boksi. "Mimi nilivitunza," akasema. Alikuwa amevitunza kweli, na ndivyo alivyoviua, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna kitu duniani kinachooza kwa kutunzwa.

Fundi akajitolea pale pale. Betri zinabadilishika. Baba yake anajua, yeye mwenyewe anajua. Wapewe hata viwili vya majaribio. Baba Funguo alikuwa anatikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Kutoa kifaa stoo kunataka barua. Barua inataka sababu. Na mimi kila muhula nimeandika nini kwenye taarifa?"

"Sijui, Mkuu."

"Vinatumika." Alilisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma. "Mihula minne, vinatumika. Sasa Jumatano vitatumika. Watoto watavishika, wewe utafundisha, wageni watakaa nyuma kule. Nani atakwenda kuchungulia kioo kimoja kimoja?"

"Siwezi kufundisha kwa vyombo vilivyokufa."

"Unaweza. Unajua kuongea." Akamwekea mkono begani, na sauti yake ikawa ya mzazi kabisa. "Kwenye fomu yako kuna ukurasa wa tabia na ushirikiano. Ule naujaza mimi, si mkufunzi. Nimesikia habari za marehemu mama yako, pole sana. Nimesikia pia hii ni nafasi yako ya mwisho. Usinifanye niandike vibaya."

Jioni, baba yake alimsikiliza mpaka kwenye neno betri; baada ya hapo hakusikia tena. Aliinuka akaanza kupekua makopo yake, macho yanang'aa. "Niletee viwili tu, mama. Viwili! Wewe utashika chuma cha kuchomelea, mimi nitakuelekeza." Tangu mkewe afariki alikuwa hajapekua makopo kwa furaha namna ile. Fundi ikabidi aseme kwamba havitatoka. Mzee akaweka kopo chini.

"Sasa watafundishiwa nini?"

"Hivyo hivyo, baba. Wavishike tu."

Mzee akaligusa benchi lake. "Miaka thelathini na tano nimekaa hapa," akasema. "Zipo nilizoshindwa, nyingi. Lakini sijawahi kumrudishia mtu redio mbovu nikamwambia, sikiliza vizuri." Hakumkataza. Wala hakumwambia afanye. Aliomba chai, akazungumza habari za mvua.

Jumanne wakafanya mazoezi, na Baba Funguo mwenyewe akaongoza. Vile vilivyovimba viliachwa, na vilivyobaki wakapewa watoto wawili wawili na watatu watatu. Mkuu alisimama mbele akapaza sauti: shika, gusa, telezesha kidole, sema aaa. Watoto waliona mchezo, wakacheka, wakatelezesha vidole kwenye vioo vyeusi na kusema aaa hadi darasa jirani likatoka kuchungulia. Baada ya mara ya nne waliacha kucheka na kufanya vizuri. Madirisha yote yakafunguliwa, kwa maelezo ya Mkuu kwamba jua likipiga juu ya kioo huwezi kujua kimewaka au hakijawaka. Mtu huyu angeitumia akili ile kwa miaka miwili, shule ile ingekuwa mfano.

Kwanini alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini tunagusa vitu vilivyozimika?"

Baba Funguo akamtazama Fundi. Darasa zima likamtazama Fundi.

"Tunafanya mazoezi," alisema.

"Na kesho vitawaka?"

Angeweza kusema hapana. Alikuwa na nafasi ya kusema hata "tutaona". Alisema, "Kaa chini, mwanangu." Na mtoto, ambaye mwalimu huyu hajawahi kumdanganya, akakaa akijua kwamba kesho vitawaka.

Jumatano wageni walifika saa nne, afisa na suti yake, mkufunzi na fomu yake, wakakalishwa kwenye viti vya ofisini nyuma ya darasa na Baba Funguo katikati yao. Fundi alikuwa amevaa kitenge cha mama yake. Andalio la somo lilikuwa safi, chati ya moyo aliichora mwenyewe kwa rangi mbili, sauti haikutetemeka. Alieleza vyumba vya moyo. Akaeleza damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Halafu akafika mahali ambapo andalio lilisema, wanafunzi waangalie picha ya moyo unaopiga.

"Shikeni vishikwambi vyenu. Gusa. Telezesha."

Vidole sabini vikateleza.

"Mnaona moyo unavyopiga?"

"Tunaonaaa!"

Afisa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Na hapo mkono ukapanda kule dirishani, hatua mbili tu kutoka kwenye viti vya wageni. Kwanini hakuwa mkaidi wala hakuwa na nia ya kumwaibisha mtu. Jana yalikuwa mazoezi na leo ndiyo yenyewe, na mtoto alitaka kuona moyo. Hakungoja kuitwa.

"Mwalimu, changu hakijawaka."

Fundi alimwona Baba Funguo akiacha kupumua. Alimwona mkufunzi akiinua macho kutoka kwenye fomu. Ananiambia mpaka leo kwamba aliwaza vitu vitatu kwa pamoja: faili lenye neno "hakukamilisha", mikono ya baba yake, na mama yake akimwambia kule kitandani arudi chuo, asimwangalie yeye. Watu hupenda kusema kwamba saa kama ile mtu hajui anachofanya. Alijua.

Alitembea hadi kwenye lile dawati, akainama, akatazama kioo cheusi pamoja na mtoto. Vichwa vyao viwili vilionekana ndani yake.

"Angalia vizuri," alisema.

Kwanini akaangalia. Akamtazama mwalimu wake usoni, muda mrefu kidogo. Akarudisha macho kwenye kioo.

"Ndiyo, mwalimu," alisema. "Nimeona."

Baada ya somo walikunywa soda ofisini. Afisa alisema atalisimulia darasa hili kwenye mikutano. Baba Funguo alijaza ukurasa wake pale pale, kwa mwandiko mzuri, na aliandika kwamba mwanachuo huyu ana ushirikiano wa hali ya juu. Mkufunzi alimwita Fundi nje, chini ya ukingo wa bati, akamwonyesha alama. Zilikuwa za juu kuliko za mwanachuo yeyote mwaka ule.

"Na yale maandishi yako ya kurasa nne," alisema, "nataka wa mwaka wa kwanza wayasome. Nitayatolea nakala."

Fundi alisimama pale na karatasi mkononi. Mkufunzi akatazama kiwanjani, akapunguza sauti.

"Betri, siyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hata shule niliyokagua jana vilikuwa hivyo hivyo," alisema mkufunzi. Akafunga begi lake na kuondoka. Fundi alikuwa amejiandaa kwa karipio, na nakwambia angelipokea kwa shukrani. Kilichomchoma ni kwamba mtu huyu alijua toka mwanzo, akakaa, akaandika, na bado angewapa wengine zile kurasa wazisome.

Nyumbani baba yake alikuwa anamngoja mlangoni. Alisoma alama akiwa ameisogeza karatasi karibu na pua, akazisoma tena, akamkumbatia. Kisha akauliza, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake:

"Viliwaka?"

"Viliwaka, baba. Walipata ruhusa ya kununua betri."

"Nilijua tu!" Mzee alifurahi kuliko alivyofurahia alama. Kwa siku mbili kila mteja aliyeleta redio aliambiwa kwamba binti yake amefundisha darasa zima kwa vishikwambi, na vyote viliwaka. Fundi alikuwa akiyasikia yote kutoka jikoni na kupandisha moto wa jiko hata kama hakuna kilichohitaji kuiva.

Vishikwambi vilirudi kwenye maboksi yao. Mtunza stoo alitia vidonge vipya vya mende.

Ijumaa Fundi akakata shauri kusahihisha. Hakuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya watoto na kusema niliwadanganya, lakini alikuwa na simu yake mwenyewe, ya zamani, iliyopasuka pembeni, na ndani yake alikuwa ametia picha ya moyo wa kweli unaopiga. Angewaonyesha. Angempa Kwanini aishike kwa mikono yake, agandishe picha, airudishe nyuma, aulize maswali yote aliyonayo. Ingekuwa njia ya kuomba radhi bila kutaja kosa, na watu wazima huipenda sana njia hiyo.

Alipita dawati kwa dawati akiwa ameigeuza simu kuwaelekea watoto, yeye akiona mgongo wake tu. Safu ya kwanza walisogeza nyuso. "Unapiga!" wakasema. Safu ya pili wakasema unapiga. Ya tatu, ya nne. Fundi alianza kujisikia nafuu, ya kwanza tangu Jumatano, na akawa anaeleza kwa raha huku anatembea: pale ndipo damu inapoingia, pale inatoka, mnaona?

"Tunaona, mwalimu."

Akafika dirishani, dawati la mwisho. Akamwinamia Kwanini, akampa simu aishike. Mtoto aliipokea vizuri, kwa mikono miwili, akaitazama, akaitikia kwa kichwa, akamrudishia.

"Umeshatosheka? Huna swali leo?"

"Sina, mwalimu."

Fundi akaigeuza simu. Kioo kilikuwa cheusi. Akabonyeza, akabonyeza tena. Ile betri ya kizee ilikuwa imemwacha njiani, na hakujua ni safu ya ngapi. Aligeuka kulitazama darasa. Watoto sabini na kitu walimtazama, mikono juu ya madawati, nyuso tulivu.

"Ilizimika saa ngapi?" aliuliza.

Mmoja wa safu ya tatu alitazama chini.

"Kwanini. Hebu niambie wewe. Hapo kwenye simu uliona nini?"

Msichana alisimama, akaweka mikono nyuma kama inavyotakiwa.

"Moyo, mwalimu. Ulikuwa unapiga vizuri."

Hakubabaika wala kucheka, na macho yake hayakuwa na hila. Alikuwa anajibu swali la mwalimu. Fundi alisimama na ile simu mkononi, akaelewa kwamba somo lake la Jumatano limewaingia watoto wote, na yule aliyekuwa mgumu kushawishika ndiye aliyelielewa kuliko wenzake.